Muulize Fundi: Taa zote kijani, mbona seva haioni diski?

Wadau wa kusini habari zenu. Safari hii maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, swichi na mahali pa kuwekea data, sijui mmeambiana au ndo vile msimu wa korosho unanukia na kila mtu anataka mitambo yake ikae sawa kabla magunia hayajaanza kuingia. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ni kitu kinachowatoa jasho watu wengi, mengine nimeyapitia haraka.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mi nafanya kazi za kompyuta kwenye ghala moja hapa Masasi. Bosi alienda Dar akarudi na mzigo wa mtumba toka Kariakoo, seva mbili za Dell, boksi la diski la HP P2000 lile la faiba, na swichi ya Brocade 300, akasema funga hivi vitu viongee kabla ya mnada wa kwanza. Nimechomeka nyaya zote za faiba, zile za rangi ya maji ya bahari, taa za swichi zinawaka kijani kabisa ila seva hazioni diski hata moja. Nimezima na kuwasha zaidi ya mara kumi. Swichi yenyewe haionekani kwenye mtandao wetu wa ofisi, IP yake siijui. Alafu je, naweza kuchomeka na waya wa intaneti humohumo ili seva zipate mtandao? Nisaidie mjomba, bosi ananiangalia vibaya. (Kijana wa ghala, Masasi)

JIBU: Marahaba mjomba. Naanza na la mwisho maana ndo litakufungua macho: hapana, usichomeke intaneti humo. Hiyo Brocade 300 ni swichi ya Faiba Chaneli, ina poti 24 na kazi yake ni moja tu, kuunganisha seva na storeji, yani boksi la diski. Ukiiona kwa mbali inafanana na swichi ya kawaida yenye matundu ya faiba lakini lugha inayoongea ni nyingine kabisa, humo ndani data haitembei kwa IP, kila kifaa kinajulikana kwa WWN, namba ndefu ya tarakimu 16 iliyochongwa kiwandani. Lile tundu moja la waya wa kawaida ulilonalo ni la wewe kuingia na kuipa amri, basi. Seva zako zitapata mtandao wa ofisi kupitia kadi zake za kawaida na swichi yako ya kawaida, hiyo njia ya diski iache peke yake.

Na hata zile moduli ndogo za SFP, zinazochomekwa tunduni kupokea waya wa faiba, usichanganye, ya mtandao wa kawaida ya gigabiti 10 inaingia vizuri tu kwenye tundu la Brocade lakini haifanyi kazi, swichi itakuandikia Mod_Inv ukidhani tundu limekufa.

Kabla hatujaendelea ngoja niseme kitu ambacho bosi wako hatakipenda. Kwa seva mbili na storeji moja hukuhitaji swichi. P2000 G3 ya faiba ikiwa na kontrola zake mbili, yani bodi zinazoendesha diski, ina poti nne, mbili kila kontrola, seva mbili zenye kadi za HBA (kadi za faiba za seva) za poti mbilimbili unachomeka moja kwa moja waya nne na kazi imeisha. Swichi inaanza kua na maana seva zikifika tatu nne hivi. Lakini pesa ishatoka, na mwakani mkiongeza seva mtashukuru, kwahiyo tuendelee.

Sasa tatizo lako. Mi nakaribia kuapa kwamba ni zoni za mmiliki wa zamani, yani orodha ndani ya swichi ya nani aruhusiwe kuongea na nani. Taa ya kijani kwenye hii swichi inakwambia kitu kimoja tu, kwamba mwanga umefika na kifaa kimejiandikisha. Haikwambii kwamba kimeruhusiwa kuongea na mwenzake. Ni kama lori limeshaingia uwanjani kwako pale ghalani, limepaki vizuri, ila karani wa mlangoni ameshika daftari la msimu uliopita na jina la AMCOS yenu, chama chenu cha ushirika, halimo, hamna gunia litakaloshuka hapo hata dereva apige honi mpaka jioni. Na kuzima na kuwasha hakusaidii maana hilo daftari limehifadhiwa ndani ya swichi yenyewe, ikiwaka linafunguliwa lilelile.

Kwahiyo kwanza uingie ndani. Brocade ikitoka kiwandani IP yake ni 10.77.77.77, weka laptopu yako 10.77.77.1 na maski 255.255.255.0, chomeka waya moja kwa moja kutoka laptopu mpaka kwenye lile tundu la usimamizi, jaribu. Kama yule wa zamani alibadilisha IP, ambayo kwa mtumba ni kawaida, tumia kebo ya konsoli na programu kama PuTTY, spidi 9600, biti 8, pariti hamna, stopu 1, flow control zima. Ukiona skrini nyeusi bonyeza Enter mara mbili tatu usikate tamaa. Jina la kuingilia ni admin, na paswedi ya kiwandani ni neno password lenyewe, ikikataa mpigie aliyewauzia na umbane, kuivunja inawezekana kwa kuingilia wakati swichi inawaka lakini hatua zake zinategemea toleo la programu iliyomo na mtu akikosea anaweza kuiharibu kabisa. Ukishaingia andika ipaddrshow uone IP yake, alafu ipaddrset uipe ya ofisini kwenu, na paswedi ubadilishe siku hiyohiyo kwa passwd, sio kesho.

Hapo nakuomba mikono mfukoni kwanza. Usifute chochote kabla hujaandika amri hii:

licenseshow

Hizo namba za leseni zipige picha na uziandike kwenye daftari. Brocade 300 ikiuzwa kawaida inakuja na poti 8 tu zinazofanya kazi, nyingine 16 zinafunguliwa kwa leseni nane nane, na leseni imefungwa kwenye WWN ya swichi hiyo, huwezi kuazima ya jirani. Kuna kijana alikuja kwangu hapa Mtwara na swichi kama yako, alifuta mpaka leseni eti anaisafisha, ikarudi poti nane, akawa anafuta machozi. (Usishangae pia kama yako nembo ya mbele ni ya HP au IBM. Sanduku hilohilo HP waliliuza kwa jina la 8/8 na 8/24 SAN Switch, IBM wakaliita SAN24B-4, amri za ndani ni zilezile.)

Alafu andika switchshow. Hii ndo amri utakayoishi nayo. Itakuorodheshea poti zote na hali yake na usome taratibu: No_Module maana yake hamna SFP, No_Light SFP ipo ila mwanga haufiki, hapo waya umekatika au umegeuza ncha mbili kwahiyo anayetuma anamtumia anayetuma, No_Sync mwanga upo ila hawaelewani spidi, na ukiona No POD License ndo zile poti ambazo hazijalipiwa, hamisha waya weka kwenye 0 mpaka 7. Unachotaka kuona ni Online na F-Port (poti yenye kifaa kilichojiandikisha) na mbele yake WWN. Za seva ni rahisi kuzitambua, kadi za QLogic nyingi zinaanza na 21:00:00:24:ff au 21:00:00:e0:8b, za Emulex nyingi 10:00:00:00:c9. Chukua karatasi chora, poti ya 0 ni nani, ya 1 ni nani. Mi nafanya hivi mpaka leo na nywele zimeshaanza kua nyeupe.

Baada ya hapo:

cfgshow

Kama nilivyosema, kule chini kwenye sehemu ya Effective configuration utakuta majina usiyoyajua na WWN ambazo haziko kwenye karatasi yako. Hizo ni seva za kampuni ya watu huko, labda zilishauzwa chuma chakavu. Na sheria ya Brocade ni kwamba ikishakuwepo konfigi (mkusanyiko wa zoni) inayotumika, kifaa ambacho hakimo kwenye zoni yoyote hakioni mtu. Ndo ugonjwa wako huo. Kama ukikuta hamna kitu nimekosea, ruka nenda kwenye storeji, ila sidhani.

Futa hivi, moja moja, kila ikikuuliza jibu y:

cfgdisable
cfgclear
cfgsave

Wengi wanakimbilia configdefault wakidhani itasafisha kila kitu, ile inarudisha mipangilio mingine ya swichi lakini zoni haigusi, kwahiyo utaifanya, utafurahi, alafu utakuta shida ipo palepale.

Sasa jenga zako. Utaratibu ni kuwapa vifaa majina ya kibinadamu kwanza, kisha zoni, kisha kuziweka zoni kwenye konfigi. Kanuni ninayoifuata ni seva moja kwenye zoni yake, pamoja na poti za storeji inazozihitaji, seva mbili zisikae zoni moja hata kama zinapendana, maana moja ikizima na kuwaka inasumbua nyingine bila sababu. Kwa mfano wako (hizi WWN ni za kuigiza tu, weka zako):

alicreate "seva1_p1", "21:00:00:24:ff:11:22:33"
zonecreate "z_seva1", "seva1_p1; stoo_a1; stoo_b1"
zonecreate "z_seva2", "seva2_p1; stoo_a1; stoo_b1"
cfgcreate "ghala", "z_seva1; z_seva2"
cfgenable "ghala"

Alicreate urudie kwa kila kifaa, stoo_a1 ni poti ya kontrola A na stoo_b1 ni ya kontrola B, ili kontrola moja ikifa seva zisibaki yatima. Majina yaanze na herufi na usiweke nafasi wala dashi ya kawaida, mstari wa chini tu. Na hapa kuna mtego, kila kadi ina WWN mbili, ya nodi na ya poti, unayotaka ni ya poti, ile inayotokea kwenye switchshow, ukichukua iliyoandikwa juu ya kibandiko cha kadi bila kuangalia unaweza kukaa siku nzima unatafuta mchawi. Cfgenable yenyewe inaanzisha na kuhifadhi, cfgsave peke yake inahifadhi tu bila kuanzisha, watu wanaichanganya hiyo kila siku.

Ukimaliza tumia configupload, tupia nakala ya konfigi kwenye laptopu yako kwa FTP au SCP. Dakika mbili tu hizo.

Tumefika nusu ya njia, usimwite bosi bado. Swichi imewaruhusu waonane, ila storeji nayo ina daftari lake. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa P2000, kata vipande vya diski, yani LUN, alafu kila LUN uielekeze kwa WWN ya seva inayohusika, uipe namba. Ukiruka hii seva itaiona storeji ipo lakini mikono mitupu. Baada ya hapo nenda kwenye seva uiambie itafute diski upya, kwa Windows ni Rescan kwenye Disk Management, kwa Linux au VMware nako kuna rescan, au we zima uwashe, safari hii itasaidia.

Hapo utakutana na kioja, diski moja utaiona mbili. Usiogope wala usiifomati mara mbili. Ni kwamba seva inaifikia LUN hiyohiyo kwa njia ya kontrola A na ya kontrola B, na haijui kama ni kitu kimoja mpaka uweke programu ya njia nyingi, kwa Windows Server washa MPIO, kwa Linux weka multipath na uangalie kwa multipath -ll, VMware inayo tayari ndani yake.

Na hili mjomba lisome mara mbili. Usiipe LUN moja seva zote mbili alafu ukaifomati kwa mifumo ya mafaili kama NTFS au ext4 ukidhani umetengeneza folda ya pamoja. Hizo zimetengenezwa zikijua mwenye diski ni mmoja, kila seva itakua inaandika bila kujua mwenzake kaandika nini, na siku mbili tatu mambo yatakua mazuri kabisa ndo maana watu wanadanganyika, siku ya nne mafaili yanaanza kuoza na hamna wa kuyarudisha. Kama unataka seva zote mbili zishike LUN moja iwe ni VMware na VMFS yake, mfumo wa mafaili unaojua kugawana, au klasta ya kweli inayojua kugawana. Kama sio, kila seva na LUN yake. Fikiria rekodi za uzito za wakulima wa msimu mzima zimo humo, utajificha wapi hapa Masasi.

Kuna mawili ya mtumba nimalizie. Ukiona poti inaruka ruka, inawaka inazima, au inagoma No_Sync kwenye spidi ya gigabiti 8, swichi za kizazi hiki zina ugonjwa wao unaoitwa fill word, jaribu portcfgfillword namba ya poti alafu 3, poti itakatika kidogo kisha irudi, mara nyingi inapona. Kama bado, futa hesabu za makosa kwa statsclear, acha kazi iende saa moja, alafu porterrshow. Poti moja ikijaza makosa ya CRC au enc out peke yake na wenzake wako safi, hiyo ni waya au SFP, sio swichi. Waya wa OM3 kwenye spidi ya 8 unafika mita 150 kwahiyo urefu sio shida yako ghalani, shida ni vumbi. Ile ncha safisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili, usiipulize kwa mdomo, unaweka mate. Na usichungulie kwenye tundu uone kama kuna mwanga, ile leza ya nanomita 850 haionekani kwa macho lakini macho inayaona.

La pili ni umeme. Brocade 300 ina pawa saplai moja, haina ya akiba. Iweke kwenye UPS na ukiwasha vitu baada ya umeme kurudi anza na swichi, kisha storeji, isubiri mpaka itulie kabisa, seva mwisho. Kuzima ni kinyumenyume. Bosi akipata hela tena mwambie anunue swichi ya pili, muwe na njia mbili zinazojitegemea, na siku hiyo ikifika usiziunganishe swichi mbili kwa waya eti zisaidiane. Zikiunganishwa zinakua fabriki moja, yani mtandao mmoja wenye zoni zilezile, kosa moja la zoni linaua zote.

SWALI: Fundi habari, mi napiga video za harusi na maulidi hapa Lindi mjini. Nimenunua NAS (boksi la diski la kuchomeka kwenye mtandao) ya Synology ya diski nne, swichi ya poti nane ya gigabiti, kompyuta tatu za kuediti. Nimeunganisha mwenyewe, inafanya kazi, lakini kukopi harusi moja ni masaa, spidi naona inacheza kwenye 11. Aliyeniuzia ananiambia nichomeke waya wa pili kwenye NAS spidi itakua mara mbili. Ni kweli? (Dada wa Lindi)

JIBU: Dada yangu hiyo 11 imeshasema kila kitu. Gigabiti ikiwa nzima inakupa kama megabaiti 110 kwa sekunde, ya 100 ndo inakupa 11 na pointi. Ukiona 40 au 60 ningesema diski au kompyuta, lakini 11 kavu kabisa isiyopanda wala kushuka ni kwamba mahali fulani kwenye njia kuna kipande kinaenda 100. Harusi ya gigabaiti 100 kwa 11 ni masaa mawili na nusu, kwa 110 ni robo saa, we mwenyewe piga hesabu ya umeme.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni waya. Gigabiti inataka jozi zote nne, nyaya nane, zishike. Ikikosekana jozi moja swichi hailalamiki, inashuka kimyakimya mpaka 100 ambayo inatumia jozi mbili tu, na taa inaendelea kuwaka. Waliokubania vichwa vya waya mtaani wanaweza kua wamebana nne wakaona inawaka wakachukua hela. Kingine ni waya wa bei rahisi ambao ndani ni alumini imepakwa shaba, ukikwaruza kwa kisu unaona weupe, achana nao. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, ifupi iliyobaniwa kiwandani, jaribu na mmoja tu kati ya kompyuta na swichi, na mwingine kati ya NAS na swichi. Kwenye Windows nenda kwenye hali ya kadi ya mtandao, imeandikwa 100 Mbps au 1.0 Gbps, usibahatishe kwa rangi za taa maana kila kampuni ina zake.

Mshukiwa wa pili, angalia kama NAS hujaichomeka kwenye ile ruta ya intaneti. Ruta ndogo nyingi poti zake ni za 100. NAS na kompyuta zote ziwe kwenye swichi yako, ruta nayo iingie kwenye swichi kwa waya mmoja, iwe ya intaneti tu.

Kuhusu waya wa pili, aliyekuuzia kasema nusu ya ukweli. Waya mbili zinasaidia watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja, na hapo swichi yenyewe iwe ya kupangika inayojua LACP, ile njia ya kuziunganisha waya kadhaa zifanye kazi kama mmoja, yako ya poti nane ya kuchomeka tu pengine haijui. Kompyuta moja ikikopi faili moja inapita waya mmoja tu, hata uweke minne.

Ila dada, diski nne kwenye RAID, yani zilizofungwa zifanye kazi kama moja, sio nakala ya akiba. Mtoto akifuta folda imefutika kwenye diski zote kwa pamoja. Harusi ya watu hairudiwi, weka diski ya nje nyumbani.

SWALI: Nina storeji ya iSCSI (diski zinazofikiwa kupitia mtandao wa kawaida) na seva tatu kwenye swichi ya kawaida ya gigabiti inayopangika. Nilisoma kwamba fremu kubwa za baiti 9000 zinaongeza spidi nikaziwasha, sasa hivi seva zinalogini vizuri lakini nikikopi kitu kikubwa inaganda. (Mdau, Shangani, Mtwara)

JIBU: Kuna mmoja hujamwambia. Fremu kubwa ni makubaliano ya kila aliyepo njiani, kadi ya seva, kila poti ya swichi na storeji, akibaki mmoja na 1500 pakiti ndogo zinapita, ndo maana logini inakubali, zile kubwa zinatupwa. Pima kwa kupingi storeji bila kuruhusu kukatwa, Windows ni ping -f -l 8972 na IP, Linux ni ping -M do -s 8972. Hiyo 8972 ni 9000 ukitoa 28 za vichwa vya IP na ICMP. Ikigoma kwenye seva moja anza nayo, ikigoma kwa zote angalia swichi, kwenye baadhi ya swichi fremu kubwa haziwaki mpaka uiwashe upya.

Mi binafsi kwa gigabiti ningerudisha 1500 nikalala usingizi. Unachoongeza ni kidogo, unachopoteza ndo hiki. Kitakachokusaidia zaidi ni kuitenga iSCSI kwenye VLAN yake, yani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi, isigombane na watu wanaoangalia mpira ofisini, na kama seva zina kadi mbili usizifunge pamoja, zipe kila moja IP yake kwenye subneti yake alafu MPIO ifanye kazi.

SWALI: Ofisi yetu Mikindani iko karibu na maji kabisa, swichi zinaota kutu kwenye matundu. Tufanyeje? (Msomaji)

JIBU: Chumvi hiyo, na hamna dawa ya kuimaliza. Matundu yasiyotumika yazibe, ya faiba yana vifuniko vyake vya plastiki ambavyo watu wanavitupa siku ya kwanza, ya waya wa kawaida vipo vya mpira vya bei ndogo. Swichi itoe dirishani, feni ya mezani usiielekeze kwake maana unaipulizia upepo wa bahari. Na kama mna AC, umeme ukikatika msikimbilie kufungua milango na madirisha, hewa ya nje yenye unyevu ikigusa chuma kilichopoa inageuka maji hapohapo, acheni chumba kipate joto taratibu kimefungwa, zimeni mitambo kama UPS inakaribia kuisha. Zile ambazo kutu imeshaingia kwenye pini msizikwangue kwa pini ya nywele, nimeziona nyingi za hivyo na hamna iliyopona.